Kopo la Bia Lililolitazama Jua Miaka Minane

Septemba 2020, mkuu wa mafundi wa kituo cha kutazamia nyota cha Bayfordbury, mali ya Chuo Kikuu cha Hertfordshire kaskazini mwa London, alilishusha kopo la bia lililokuwa limefungwa kwenye kuba la darubini moja. Lilikuwa kopo la kawaida, la aina ambayo kwetu haimalizi nusu saa barabarani kabla ya kuokotwa na watu wa chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi ya picha. Kopo hilo lilitegwa Agosti 2012 na Regina Valkenborgh, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya sanaa, aliyetaka kupiga picha bila msaada wa vifaa vya kisasa. Akahitimu, akaenda zake kufanya kazi ya ufundi wa picha katika chuo kingine, na kopo likasahaulika.

Karatasi ilipopitishwa kwenye skana, ikaonyesha jua likichomoza na kutua kwa miaka 8 na mwezi 1, upinde juu ya upinde, kama nyuzi za mkeka zilizosukwa kwa mkono mmoja. Kushoto linaonekana kuba la darubini kongwe ya kituo. Katikati kuelekea kulia kuna jukwaa la vyuma la kupimia hali ya anga, ambalo lilijengwa kopo likiwa limeshafika nusu ya safari yake. Kabla ya hapo, picha iliyokuwa ikitajwa kuwa imepokea mwanga kwa muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya Mjerumani Michael Wesely: miaka 4 na miezi 8.

Magazeti yalilishika neno bahati, na Valkenborgh mwenyewe hakulikataa. Alieleza kwamba majaribio yake ya awali palepale yaliharibiwa na unyevu, karatasi zikajikunja, na kwamba hakukusudia kuliacha kopo muda wote huo. Sawa. Bahati inaeleza kwa nini kopo halikung'olewa na upepo. Haielezi kwa nini picha haikuungua. Yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye chumba cha giza anajua kwamba karatasi ya picha ikionja taa ya kawaida hata sekunde moja, ukiitia kwenye dawa ya kusafishia inatoka nyeusi tii. Hii ilikaa mbele ya tundu, mchana na usiku, sekunde zaidi ya milioni 250. Ilipaswa kuwa mkaa.

Tuanze na tundu, maana ndiyo kamera yenyewe.

Waliokulia chini ya bati wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Msumari uking'oka, kiduara cha mwanga kinatua sakafuni, na kadiri saa zinavyokwenda kinatambaa taratibu hadi ukutani. Tundu la msumari mara nyingi limechanika na lina pembe, lakini kiduara kimeviringika vizuri kabisa. Kile unachokiona sakafuni ni sura ya jua. Bati likiwa juu mita 3, sura hiyo huwa na upana wa kama sentimita 3, kwa sababu upana wa jua ni kama sehemu moja ya 107 ya umbali wake kutoka kwetu, na tundu hunakili uwiano uleule ndani ya nyumba. Jua likipatwa, kiduara nacho hupatwa. Tarehe 1 Septemba 2016, siku ya kupatwa kwa umbo la pete, watu walipofurika Rujewa wilayani Mbarali na miwani yao ya karatasi, mti wowote wenye majani ungeweza kuwaonyesha jambo lilelile chini ya miguu yao, maana kila mwanya kati ya majani ni tundu. Ibn al-Haytham, aliyefariki Cairo karibu mwaka 1040, aliandika risala nzima juu ya umbo la jua lililopatwa linapopita tunduni.

Kopo ni nyumba ya bati iliyopunguzwa. La mililita 330 lina kipenyo cha karibu milimita 66, na huo ndio umbali kutoka tunduni hadi kwenye karatasi iliyolala ukuta wa pili. Upana wa tundu haubahatishwi. Likiwa kubwa mno, kila nukta ya nje inakuwa doa ndani, na picha inalegea. Likiwa dogo mno, mwanga unajigonga kingoni na kutapanyika, picha inalegea tena. Katikati ya makosa hayo mawili kuna kipimo, na kanuni yake ni fupi: chukua umbali wa tundu hadi kwenye karatasi, zidisha kwa urefu wa wimbi la mwanga, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.9. Kwa milimita 66 na mwanga wa kijani wa nanomita 550, jibu ni milimita 0.36. Kwa lugha ya wapiga picha hiyo ni f/183. Lenzi iliyobanwa hadi f/16, ambayo wengi huiona imebanwa sana, huingiza mwanga mara 130 zaidi.

Tundu la namna hiyo halipatikani kwa kuchoma sindano hadi itokee upande wa pili. Sindano ikipita yote inaacha tundu pana lenye mdomo uliopasuka, na kila kijino cha alumini kinachobaki mdomoni kinatupa ukungu kwenye picha. Mafundi hubonyeza tu, wakiwa wameweka kadibodi nyuma, hadi upande wa pili utokeze kichuguu kidogo. Kichuguu wanakisugua kwa msasa laini. Wanabonyeza tena, wanasugua tena. Mwisho bati linakuwa jembamba kama ganda la kitunguu, na tundu linafunguka lenyewe, la mviringo, kingo zake safi. Ni kazi ya dakika kumi, na ndiyo dakika kumi pekee za ufundi wa mkono katika shughuli nzima.

Sasa umbo la kopo. Ninaona watu wengi wakieleza habari hii kana kwamba kopo lilichaguliwa kwa sababu ya urahisi tu. Urahisi upo, lakini duara la kopo linafanya kazi ambayo sanduku la mraba haliwezi. Kwenye sanduku lenye karatasi bapa, mwanga unaokuja kwa mshazari hupata hasara nne: tundu linaonekana jembamba ukilitazama kwa upande, mwanga unasafiri mbali zaidi kabla ya kufika (na umbali hutoza mara mbili), kisha unaiangukia karatasi kwa mlalo. Kwenye pembe ya nyuzi 60, kona ya karatasi bapa hupata moja ya kumi na sita tu ya mwanga wa katikati. Kona zinakuwa giza.

Ndani ya kopo hesabu inageuka. Tundu liko ukutani na karatasi inafuata ukuta huohuo, hivyo miale ya pembeni inasafiri umbali mfupi zaidi kuliko ile ya katikati. Faida ya ukaribu inafuta hasara ya tundu kuonekana jembamba na hasara ya mlalo, sawasawa, bila kubaki kitu. Ukienda kushoto au kulia ya karatasi, mwanga ni uleule. Ndiyo maana kopo linaweza kuona karibu nusu nzima ya upeo wa macho, kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama, na kulipa kila eneo haki yake. Gharama yake ni kwamba vitu vya pembeni vinasinyaa, nazo pinde za jua zinabanana kuelekea ncha mbili za picha. Mimi naona umbo hilo ni zuri. Mwenye kutaka mistari iliyonyooka atumie sanduku.

Tumefika kwenye karatasi, na hapa ndipo penye jibu la swali la mkaa.

Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe imepakwa chembe za chumvi ya fedha ndani ya jelatini. Kuna njia mbili za kuifanya iwe nyeusi. Ya kwanza ndiyo ya studio: mwanga unaigusa chembe kidogo tu na kuiachia alama isiyoonekana kwa jicho, kisha dawa ya kusafishia inamalizia kazi na kuigeuza chembe nzima kuwa fedha nyeusi. Kwa njia hiyo kopo la f/183, mchana wa jua kali, lingehitaji kama nusu dakika. Njia ya pili haina dawa. Mwanga wenyewe unaivunja chumvi, chembe baada ya chembe, hadi fedha inajitokeza waziwazi. Ni njia ya polepole mno, na ina breki yake ndani: fedha inayozaliwa juu inakuwa kivuli kwa chumvi iliyo chini. Kadiri mahali panavyoiva, ndivyo panavyozidi kujikinga. Kati ya siku ya kwanza na mwezi wa kwanza mabadiliko ni makubwa. Kati ya mwaka wa tatu na wa nane ni madogo.

Valkenborgh hakuitia karatasi yake kwenye dawa. Hilo tu. Angeisafisha kama picha ya kawaida, angepata karatasi nyeusi na habari ingeishia hapo.

Mbinu yenyewe hakuibuni yeye. Kina Slawomir Decyk na Pawel Kula wa Poland, pamoja na Diego López Calvín wa Hispania, waliianzisha kama mradi mwaka 2000, na Tarja Trygg wa Finland akaisambaza kwa kuwagawia watu wa nchi mbalimbali makopo yaliyokwisha kutengenezwa. Wanaiita solagrafia. Lakini kikemia ni kurudi nyuma kabisa, kabla hata ya upigaji picha kukamilika. Mwaka 1802 Thomas Wedgwood na Humphry Davy walichapisha Uingereza maelezo ya namna walivyopata michoro ya mwanga kwenye karatasi na ngozi zilizopakwa chumvi ya fedha. Hawakujua jinsi ya kuikomesha isiendelee kuwa nyeusi, hivyo kazi zao zilitazamwa gizani kwa mshumaa. Karatasi ya kopo la Bayfordbury ilitoka ikiwa na ugonjwa huohuo.

Dawa ya kukazia picha ipo siku hizi, kila chumba cha giza kinayo. Tatizo ni kwamba inapoondoa chumvi isiyoiva, inakula pia sehemu ya hii fedha changa iliyoletwa na mwanga peke yake, na picha inapauka. Watu wa solagrafia wanakwepa kwa skana. Karatasi inatolewa koponi penye mwanga hafifu, inawekwa kwenye kioo, inasomwa mara moja kwa ubora wa juu. Kile kitufe cha kuangalia kwanza kabla ya kusoma hakibonyezwi, kwa sababu taa ya skana nayo ni mwanga, na kila mpito wake unaichoma karatasi kidogo. Baada ya hapo programu ya kompyuta inageuza kivuli kuwa mwanga, inasimamisha picha iliyokuwa kichwa chini, na inarudisha kushoto na kulia mahali pake. Zile rangi za samawati na kijani zinazowavutia watu hazikuwa za anga la Hertfordshire. Zinatokana na ukubwa wa chembe za fedha, ambazo kwenye karatasi huonekana za kahawia, waridi au zambarau, kisha kompyuta inazipindua.

Nina ugomvi mmoja na namna habari hii ilivyosimuliwa. Taarifa zilisema picha ina pinde 2,953 za jua. Piga hesabu: miaka 8 na mwezi 1 ni siku 2,953. Kwa hiyo idadi hiyo imetoka kwenye kalenda, na mtu akiketi na kioo cha kukuzia hawezi kuzihesabu. Sababu ni mbili. Uingereza ina mawingu, na siku ya mawingu mazito haiachi upinde. Pili, jua lina upana wa nusu nyuzi angani, na hata Machi na Septemba, linapohama kwa kasi kuliko wakati wowote, kimo chake cha adhuhuri kinabadilika chini ya nyuzi 0.4 kwa siku. Upinde wa leo unapanda juu ya upinde wa jana. Juni na Desemba zinalundikana kabisa. Tena jua hupanda na kushuka njia ileile kila mwaka, hivyo kwa miaka minane kila kimo kimepitiwa kama mara kumi na sita. Kopo la miezi sita lina jambo ambalo hili la miaka minane limelipoteza: mapengo. Kwenye picha ya miezi sita, mwanya mweusi kati ya mistari unakuambia wiki fulani ilikuwa ya mvua. Miaka ikiongezeka, jua la mwaka unaofuata linaziba pengo hilo. Ukiniuliza kama picha ya takwimu, ile fupi ni bora. Kama picha ya muda, hii haina mpinzani.

Je, kwetu? Hapa lazima mtu aache kuiga. Bayfordbury iko karibu nyuzi 52 kaskazini. Jua la adhuhuri huko halipandi zaidi ya nyuzi 62 hata Juni, na Desemba linakaa nyuzi 15 tu, chini kabisa, upande wa kusini. Ukilielekeza kopo kusini, jua la adhuhuri liko mbele yake mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya Juni jua liko kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60, Desemba liko kusini kwa nyuzi 73, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kwenye wiki ya pili ya Oktoba, linapita juu ya utosi. Kopo la mililita 330 lililosimama wima na tundu lake katikati linaona hadi nyuzi 41 tu juu ya upeo. Adhuhuri yetu yote inaangukia kwenye kitako cha kopo, mahali pasipo na karatasi.

Nililijua hilo kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua pakiti ya karatasi iliyopitwa na wakati kutoka studio moja iliyokuwa ikivunja chumba chake cha giza, nikafunga kopo kwenye nguzo ya simtangi nyumbani, likitazama kaskazini kama nilivyosoma kwamba watu wa kusini mwa ikweta wafanye. Ushauri huo ni wa watu wa Cape Town na Sydney. Nililitega mwishoni mwa Juni, nikalishusha Desemba. Kwanza, sisimizi walikuwa wameipata jelatini, wakaila kwa mistari ya kupendeza kuliko ya jua. Pili, mvua za vuli zilikuwa zimeingia, wala hazikupitia tunduni. Zilipitia juu, kwenye ukingo wa kifuniko ambako tepu ilikuwa imelegezwa na joto. Katika kona iliyosalia mlikuwa na mistari michache ya asubuhi, karibu wima, imekatwa juu kama nywele zilizonyolewa. Baada ya Oktoba hamkuwa na kitu, kwa kuwa jua lilikuwa limehamia mgongoni mwa kopo.

Kwa pwani yetu kopo litazame mashariki. Jua letu huchomoza karibu wima, likiinama nyuzi 7 tu, na kwa mwaka mzima mahali pa kuchomozea panatambaa kutoka karibu nyuzi 24 kaskazini mwa mashariki hadi karibu nyuzi 24 kusini mwake, yote ndani ya uwezo wa kopo. Hutapata pinde. Utapata kitu kama chanuo: mistari iliyosimama ikiinama kidogo upande mmoja, ikijaza karatasi kwa muda wa kama saa tatu za kila asubuhi. Ukitaka anga zaidi, toboa tundu juu ya katikati ya kopo, maana picha inaingia kichwa chini na anga linaangukia sehemu ya chini ya karatasi. Tundu likiwa milimita 85 kutoka kitakoni, unaona hadi nyuzi 52. Kifuniko kifunge kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, mizunguko mitatu, kisha juu yake vuta mpira wa tairi la baiskeli. Nguzo ipake grisi kidogo chini na juu ya kopo, kwa ajili ya sisimizi.

Usiliweke kopo kwenye daraja, nguzo ya umeme au ofisi ya watu. Februari 2015 huko Atlanta, Marekani, wanafunzi wa sanaa walifunga kopo la namna hii kwenye daraja linalovuka barabara kuu, mtu akalishuku, barabara ikafungwa, na kikosi cha mabomu kikalilipua. Kwetu hatari iko kwa waokota makopo. Kwa hiyo kabla hujapanda ngazi, chukua kalamu ya wino mzito uandike ubavuni kwa herufi kubwa: HII NI KAMERA, USIGUSE. Chini yake andika tarehe ya kulishusha.